Uzi wa Mlangoni kwa Anti Lastri

Wiki iliyopita nilikwenda kumsaidia mama kupaka rangi. Baada ya miaka ishirini na kitu anaihama ile fleti ya ghorofa ya tisa, Barabara ya Kipling hapa Toronto, na kwa kuwa mama ni mama, hawezi kuwaachia wenye jengo kuta chafu hata kama kesho yake watazibomoa. "Watasema Waswahili walikaa humu," alisema, akanikabidhi kopo la dawa ya kuziba matundu na kisu butu. Nikaziba ya sebuleni, nikaziba ya jikoni. Nilipofika kwenye kile chumba kidogo cha pembeni, alichokaa mpangaji wetu, nikakutana na matundu ya misumari kwenye fremu ya mlango. Yalikuwa kulia na kushoto, jozi kwa jozi, yakishuka kutoka karibu na juu kabisa hadi usawa wa kidevu changu cha leo. Jozi tano. Pembeni yake kulikuwa na mistari ya penseli inayopanda kutoka chini, na mistari hiyo ni mimi.

Nikakaa sakafuni na kisu changu. Mama akauliza kutoka jikoni kama nimemaliza, nikamwambia bado kidogo, na huo ulikuwa uongo kwa sababu sikuwa nimeanza.

Anti Lastri alikuja kwetu nikiwa na miaka sita. Alikuwa Mjava, mwanamke mfupi mwenye hatua za haraka, aliyeletwa Kanada kumtunza bibi mmoja wa Kizungu. Bibi yule alifariki kabla miezi ya mkataba haijatimia, na karatasi za Anti Lastri zikakwama hapo. Alipewa kibali cha kufanya kazi akaambiwa asubiri. Na akitoka nje ya nchi huku anasubiri, asitegemee kurudi. Akapata kazi ya alfajiri katika kiwanda cha mikate karibu na uwanja wa ndege, na chumba kwetu. Saa nane mchana alikuwa ameshafika nyumbani, kwa hiyo yeye ndiye aliyenipokea kutoka shule, maana mama alikuwa zamu ya mchana katika nyumba ya wazee, akiwaogesha na kuwalisha mama wa watu wengine. Baba alibaki Tanga na maisha yake, na humu simtaji tena.

Lugha yetu ilikuwa mseto. Mama alisema Kiswahili, Anti Lastri alikuwa na Kiingereza cha kiwandani na Kiswahili alichookota kwetu, na siku walipogundua kwamba sabuni kwao ni sabun, meza ni meja na bendera ni bendera, walicheka hadi chai ikapoa. Mimi nilielewa kila kitu na kujibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa lile jengo. Kiswahili hiki ninachoandikia nimekitafuta ukubwani, mnivumilie nikiteleza.

Kwao palikuwa pembezoni mwa Semarang, makao makuu ya jimbo la Jawa ya Kati. Mtaa wenyewe uliitwa Melati Indah, na sidhani kama kuna mtu wa mbali aliyewahi kuusikia. Hata watu wa Semarang, alisema, ukiwatajia watakuuliza ni upande gani. Mimi naujua kuliko ninavyoijua Tanga. Najua kwamba zamani palikuwa mabwawa ya kufugia samaki, yakafukiwa, zikajengwa nyumba za wafanyakazi wa viwandani, zote sawasawa, vyumba viwili na kibaraza, safu A mpaka safu F. Nyumba ya mama yake ilikuwa safu C, namba kumi na nne, mlango wa kijani. Najua kulikuwa na msikiti mdogo wenye kipaza sauti kilichokwaruza, na mzee aliyekuwa akianika vipande vyembamba vya unga uliochanganywa na kamba wa baharini juu ya barabara, na pikipiki zikimzunguka kwa adabu. Najua jua lilipokuwa kali kuliko siku zote, ndipo maji yalipoingia.

Hili la maji lilinichanganya sana. Kwetu Toronto maji ya mafuriko yanatoka mawinguni. Kwao yalitoka baharini kwa chini, yakapanda kwenye mitaro siku ya jua kali, yakaingia jikoni bila hodi, yakakaa saa mbili tatu, yakarudi. Mama alielewa mara moja. "Bamvua," alisema. Lakini bamvua la Tanga, yale maji makuu ya bahari, huja na kwenda zake, na ardhi inabaki pale pale. Melati Indah ilikuwa inazama, kidogo kidogo, kila mwaka.

Na watu wa Melati Indah walikuwa na namna yao ya kujibu. Kila baada ya mwaka mmoja au miwili nyumba ilitolewa vitu vyote nje, majirani wakaja na makarai, lori likamwaga udongo, wakaujaza ndani ya nyumba, wakaushindilia, wakapanga vigae upya juu yake. Sakafu ikapanda. Mwenye uwezo aliinua na paa. Asiye na uwezo aliinua sakafu tu, kuta na mlango vikabaki vilivyokuwa, na hivyo kila akiinua sakafu nyumba ilizidi kuwa fupi. Mama yake Anti Lastri, ambaye wote tulimwita Mbah, yaani bibi, alikuwa mjane, na paa lake halikuinuliwa hata mara moja.

Haya yote nayajua sasa. Wakati ule, kama mtakavyoona, nilijua vyote isipokuwa lile moja lililohitajika.

Kila sakafu ilipoinuliwa, Idi ikifika Mbah alipigwa picha. Alisimama mlangoni, nguo ile ile ya maua ya kahawia, mkono wa kushoto ukishika fremu, akitazama kamera kama mtu anayedaiwa maelezo. Mtoto wake wa kiume, kaka yake Anti Lastri, aliyekaa mlimani nje ya mji, ndiye aliyempiga na kuituma picha kwa posta. Nyuma ya picha aliandika namba: sentimita kutoka sakafuni hadi juu ya mlango. Ya kwanza iliyofika kwetu iliandikwa 192. Anti Lastri alichukua futi ya fundi cherehani, akapima mlango wa chumba chake, akapigilia misumari miwili midogo, akafunga uzi mwekundu kutoka msumari huu hadi ule.

Mama yangu ni mtu wa Tanga, na mtu wa Tanga akikuta uzi mwekundu umefungwa mlangoni, ndani ya nyumba anayoilipia kodi mwenyewe, haulizi. Siku tatu mama hakuuliza. Alichukua ufagio akawa anafagia korido safi huku akisoma Ayatul Kursiy kwa sauti, akaacha kula chakula cha mpangaji wake kwa kisingizio cha tumbo, akanikataza kumpa Anti Lastri nguo zangu azikunje. Anti Lastri, akidhani ni uchamungu umempanda dada yake, akawa anamwitikia "amin" kutoka chumbani. Siku ya nne mama akashindwa.

"Lastri, mdogo wangu, tuheshimiane. Ule uzi ni wa nini?"

Anti Lastri akaenda chumbani, akarudi na picha. Mimi nikaambiwa nikaangalie katuni. Nikawasikia wakinong'ona mezani, kisha nikasikia mama akilia, jambo ambalo lilinitia hofu kuliko uchawi. Nilipochungulia alikuwa ameushika mkono wa Anti Lastri. "Nisamehe. Mimi nilidhani... astaghfirullah, nisamehe tu." Na Anti Lastri akasema, kwa Kiswahili chake cha kuokota, maneno ambayo mama huyarudia mpaka leo: "Huu mlango wa mama yangu. Mimi ingia chumbani, ingia kwake."

Hakuna aliyerudi sebuleni kunieleza. Nadhani walinihurumia. Basi nikajieleza mwenyewe.

Picha zilipofika tatu, Anti Lastri alikuwa amezibandika ukutani kwa mstari, juu ya kitanda. Nilikuwa na miaka minane au tisa. Nililala chali pale alasiri moja, kichwa mapajani mwake, akinisuka, nikazitazama kutoka kushoto kwenda kulia. Mlango ni ule ule wa kijani. Nguo ni ile ile. Lakini kichwa cha Mbah kilikuwa kinapanda. Katika ya kwanza kulikuwa na nafasi kubwa juu yake, katika ya pili pungufu, katika ya tatu pungufu zaidi. Nikaruka, chanuo likabaki kichwani.

"Anti! She's growing! Mbah is getting taller!"

Alizitazama picha, moja baada ya nyingine. Kisha akaanza kucheka, na sikuwahi kumsikia akicheka vile. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, akafuta macho kwa kiganja, akanibana kichwa kifuani kwake. "Ndiyo," alisema. "Mbah anakua. Kila Idi."

Jumapili saa tatu asubuhi, ambayo kule ilikuwa usiku, alimpigia simu kama kawaida, akamsimulia. Nikasikia Mbah akicheka upande wa pili, kicheko chembamba cha kukatika-katika. Aliniomba kwenye simu, akasema kitu kirefu, Anti Lastri akatafsiri: Mbah anasema ana furaha kuna mtu mwenye akili katika nyumba hiyo. Anasema mshindane. Atakayefika juu kwanza.

Kuanzia hapo tukashindana. Mimi nilijipima kwenye fremu kwa penseli kila mwezi, nikasimama kwa vidole vya miguu nikikosa uaminifu, na lengo langu lilikuwa uzi. Uzi nao ulikuwa ukishuka kunifuata, na hilo sikuona ajabu. Nilidhani Anti Lastri anaushusha ili kunirahisishia. Mama, aliye mrefu kupita wanawake wote wa jengo lile, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinama. Uzi wa tatu ulikuwa kwenye 171, ukawa unamshika nywele kila alipoingia kuchukua pasi. "Mimi ndiye ninayeteswa humu," alilalamika, lakini hakuna siku aliyosema uondolewe.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba kila Jumapili, kabla sijapewa simu, Anti Lastri alikuwa akimsihi mama yake ahame. Kaka yake alikuwa na nyumba mlimani, pakavu, chumba kiko tayari. Nusu ya safu C ilikuwa imeshaondoka. Nyumba zilizoachwa hazikujazwa udongo tena, maji yakakaa humo moja kwa moja, na za jirani zikazidi kuoza. Mbah hakutaka. Mumewe alizikwa nyuma ya ule msikiti mdogo, na kaburi lake nalo lilikuwa limeinuliwa mara mbili, matofali juu ya matofali, na nani angelitazama? Zamani, Anti Lastri alipomsihi, Mbah alinyamaza, na wakati mwingine ule unyamavu ulikaribia kuwa kukubali. Sasa alikuwa na jibu.

"Nitaondokaje? Bado nakua. Muulize mtoto."

Na Anti Lastri angecheka. Angefanyaje? Alikuwa maili elfu ngapi sijui, hana karatasi, hawezi kwenda kumshika mkono. Mama yake akicheka, naye alicheka. Kisha akaniita, "Njoo, Mbah anakutaka," nami nikaja mbio kutaja sentimita zangu. Nilijivuna sana. Nadhani katika miaka ile hakuna kitu kilichonipa raha kama sauti ya yule bibi akishindwa au akishinda.

Mama ndiye aliyeniambia. Nilikuwa na miaka kumi na moja, picha ya nne imefika, 159, na nilikuwa nimeichukua nikaenda nayo jikoni nikilalamika kwamba Mbah ananiacha. Mama alikuwa ametoka zamu, miguu kwenye beseni la maji ya moto.

"Zuhura, mwanangu, wewe si mtoto tena. Hebu tazama dirisha."

Nikatazama. Katika picha ya kwanza dirisha lilikuwa usawa wa kiuno cha Mbah. Katika hii lilikuwa limekaribia goti.

"Watu wazima hawakui," mama alisema. "Sakafu ndiyo inayopanda."

Sikulia. Niliona aibu, aibu ya moto ya masikioni, kama mtu aliyechekwa miaka mitatu bila kujua. Aibu ilipopoa ndipo mama akanieleza lile jibu la simu la kila Jumapili, nikakumbuka ni nani aliyempa. Tangu siku hiyo sikutaka tena kukua. Nililala nimejikunja. Nilikuwa na fikra za kitoto kwamba nikisimama pale nilipo, na uzi utasimama.

Jumapili iliyofuata niliomba simu kabla sijaitwa. Nilikuwa nimejipanga usiku kucha. Nikasema, safari hii kwa Kiswahili, kwa sababu niliona Kiingereza hakifai kwa jambo zito, na Anti Lastri akatafsiri huku akinitazama: "Mbah, umenishinda. Mchezo umekwisha. Hamia kwa mtoto wako sasa."

Kisha Mbah akacheka kile kicheko chake, akasema maneno machache tu. Anti Lastri hakutafsiri. Nikamvuta nguo. Akasema, "Anasema bado. Kichwa bado hakijagusa."

Nilijaribu tena mara tatu au nne, na kila mara Mbah alikuwa na utani mwingine. Mtoto wa miaka kumi na moja anafanya nini zaidi? Nilichora picha ya nyumba yenye ghorofa tisa, Mbah juu kabisa, nikaituma kwa posta. Nikamwuliza mwalimu wangu nani anazuia bahari, akaniambia hilo ni swali zuri sana. Anti Lastri kila mwezi alipiga ile namba ya ofisi ya uhamiaji, akasikiliza muziki nusu saa, akaambiwa faili lake linashughulikiwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaelewa vizuri, kwa hiyo simu akanipa mimi, na mimi ndiye niliyemtafsiria neno lile lile kila mwezi: subiri.

Picha ya tano ilifika kwa simu ya mkononi, si kwa posta, kwa sababu dunia ilikuwa imebadilika. Mbah alikuwa amesimama pale pale, mkono wa kushoto kwenye fremu, lakini alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja. Kimegusa. Kaka mtu aliandika chini: 146. Anti Lastri alishusha misumari, akafunga uzi. Nilikuwa sebuleni. Nikaingia chumbani kumpelekea chai kama nilivyozoea, macho kwenye kikombe, na uzi ukanigusa katikati ya paji la uso.

Miaka minne nilikuwa nimeisubiri siku hiyo. Nikasimama na kikombe changu, uzi umenishika, nisijue nirudi nyuma au nipite. Anti Lastri alikuwa ameketi kitandani ananitazama. "Inama," alisema taratibu. "Inama tu, uingie."

Mbah alifariki miezi michache baadaye. Homa ya siku nne, maji yapo ndani, daktari hakufika. Kaka yake Anti Lastri alisimulia kwenye simu kwamba jeneza lilitolewa na watu waliopiga magoti, kwa sababu mlango haukuwaruhusu kusimama wakalibeba. Wakamzika kule kule nyuma ya msikiti, juu ya rundo la udongo mpya, kando ya mumewe. Anti Lastri alisikiliza mpaka mwisho, akasema "inggih, inggih," ndiyo, ndiyo, akaweka simu mezani, akaingia chumbani kwake. Sasa naye ilimbidi ainame. Akakaa chini kando ya kitanda.

Mama akafanya alichojua kufanya. Akapika, akatandika mkeka mle chumbani, akapita milango ya jengo akiwaambia wanawake. Wakaja: Wasomali wa ghorofa ya nne, yule Mganda wa karibu na lifti, Wahindi wawili wa Dodoma ambao mama aliwafahamu dukani. Wengi hawakumjua mfiwa hata kwa jina. Mmoja, mama mkubwa mwenye joho jeusi, alifika mlangoni, akauona uzi, akainua mkono kuukata.

Mama akaushika ule mkono. "Usiukate, dada. Inama kidogo. Unaingia nyumbani kwa mama yake."

Yule mama akainama. Na aliyekuwa nyuma yake akainama, na wote waliokuja siku ile na kesho yake wakainama, mabegi na vyungu vya chakula mikononi, kila mmoja akaingia kwa Mbah kwa kichwa cha chini. Mimi nilikaa koridoni nikigawa maji. Hilo ndilo tuliloweza. Nimelipima sana tangu ukubwa uniingie, na sioni lingine tulilofanya.

Karatasi zilitoka mwaka uliofuata, bahasha ya kawaida, pamoja na matangazo ya piza. Anti Lastri alikwenda kwao, akapelekwa kwa mtumbwi mpaka safu C, akagusa paa kwa mkono. Aliporudi hakukaa sana. Alipata kazi Calgary, na yuko huko mpaka leo, na Idi hunitumia salamu. Siku ya kuhama nilimwuliza lile nililokuwa nimelibeba. Nilimwuliza kama Mbah angeondoka, lau si mimi na maneno yangu.

Aliufungua uzi kwanza. Akauviringa kidoleni, akautia mfukoni.

"Angekataa tu, Zuhura," alisema. "Wewe ulimpa njia ya kukataa huku anacheka."

Mpaka leo sijui kama alikuwa ananisamehe au ananishukuru, au kama alitaka nijue kwamba kicheko kile kilimzuia naye kusihi zaidi. Nimekuwa mtu mzima, nina kazi na nyumba ya kupanga, na bado sijui.

Basi wiki iliyopita niliziba matundu. Jozi ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano. Nikasugua mistari ya penseli, nikapaka rangi nyeupe juu yake, fremu ikawa fremu ya mtu yeyote. Nikamwita mama aje kuikagua. Alikuwa humo humo chumbani, akifunga boksi la mwisho. Siku hizi mgongo unamsumbua, na anatembea wima kabisa kwa amri ya daktari. Akanyanyua boksi, nikamwambia aliache nilibebe mimi, hakunisikiliza. Akaja nalo mpaka mlangoni, na hapo, na mgongo wake huo, akainama.

"Mama," nikamwambia, "uzi haupo."

"Najua," akasema, akapita.